Mbogo wa Kina Zena, Kutu wa Kwetu

Mwezi uliopita tulimzika shangazi yangu, na asubuhi ya kuanua matanga wakanisukumia sanduku lake la bati kwa sababu hakuna aliyelitaka. Binamu mmoja alitaka vikombe, mwingine alitaka kitanda. Mimi nikapewa bati lenye kufuli bovu. Nililifungulia sakafuni chumbani, mwanangu kajiegemeza mgongoni mwangu, na kabla jicho halijaona kitu pua ilishaona: naftalini, wanga wa kupigia pasi, na chini yake harufu nyingine ya ukakasi, kama sarafu ya shaba iliyokaa muda mrefu ndani ya kiganja chenye jasho. Nikajua kilichomo. Mtu mzima mimi, niliyesoma mpaka sekondari, mwenye mtoto wa miaka minne, nikakaa pale sakafuni nimejaa hasira.

Lilikuwa shati. La kaki, kola imegeuzwa, madoa ya buluu inayoelekea kijani kifuani na kwenye mikono, na kiraka kwenye kiwiko cha kulia kilichoshonwa kwa uzi usiofanana na kitambaa.

"La nani?" mwanangu akauliza.

"La babu yako."

"Amekufa?"

Hilo swali mimi mwenyewe nililijibu vibaya kwa muda mrefu, na waliojua jibu wakaniacha nijidanganye.

Nyinyi mliokulia nyumba za vyumba sita za Kariakoo hamhitaji kuelezwa sana. Vitatu kushoto, vitatu kulia, ukumbi katikati wenye giza hata mchana, na uani jiko, choo, kamba za nguo na ugomvi. Sisi tulikuwa chumba cha tatu kushoto, mimi na shangazi, dada yake baba. Alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu wa Upanga. Chumba kizima kilinuka mkaa wa pasi na wanga, na meza ya kupigia pasi ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko kitanda. Mimi nililala chini yake. Mama yangu alifariki kule mlimani, Kilimanjaro, akijifungua, na mtoto akamfuata siku hiyohiyo. Nilikuwa na miaka minne. Shangazi alikuja kunichukua, baba akabaki na kahawa yake.

Ya mlimani nakumbuka kidogo sana. Baridi ya asubuhi kwenye nyayo. Maji yakipita mferejini nyuma ya migomba. Na mikono ya baba. Alikuwa akichanganya mrututu, unga wa buluu wa shaba, na chokaa kwenye pipa, anajibebesha bomba mgongoni, anapita kati ya mibuni akinyunyiza ile dawa, na jioni anarudi mikono ni buluu mpaka viwikoni, kama mtu aliyetoka kufua mbingu. Uso wake sikuukumbuka. Niliukumbuka mkono.

Mwanzoni barua zilikuja. Shangazi alinisomea: baba anakusalimu, baba anauliza kama unakula. Halafu zikakoma. Nilipouliza baba anakuja lini, shangazi hakuinua kichwa kwenye pasi. Alisema, "Kutu imechukua kila kitu kule nyumbani." Nikauliza tena siku nyingine, akasema usiniulize mambo ya baba yako. Kisha picha yake iliyokuwa imechomekwa kwenye fremu ya kioo ikaondoka, ikaingia ndani ya sanduku hili la bati, na shangazi akawa mtu wa kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya puani kila alipofikiri simsikii.

Mtoto wa miaka saba unampa nini hapo cha kufikiri? Nilijumlisha. Kutu amechukua kila kitu. Baba ni mmoja wa vitu. Picha imefichwa. Shangazi analia puani. Baba amekufa, ameliwa na mnyama anayeitwa kutu.

Na kila Jumamosi ushahidi ulianikwa. Katikati ya mashati meupe ya watu wa Upanga, shangazi alianika shati moja la kaki lenye madoa ya mrututu. Lilifuliwa, likakaushwa, likapigwa pasi kwa uangalifu kuliko mengine yote. Jumapili nikirudi kutoka shule ya watoto kanisani, halipo. Jumamosi inayofuata, hilo tena kambani. Niliamini anamfulia marehemu, ili siku ya kufufuka asikose nguo safi. Mtanicheka, lakini tulikuwa Walutheri, na kufufuka kulisemwa kila wiki kama jambo la wiki ijayo.

Chumba cha pili kulia walikaa kina Zena. Wanyamwezi. Zena alinizidi mwaka mmoja na hakuacha nikasahau. Baba yake alikuwa akifuatana na wawindaji wa Kizungu huko porini Ugalla, akiwatafutia nyayo, na alikuja nyumbani mara chache akinuka moshi na nyama kavu. Siku moja akaja mtu mwingine badala yake, kashika kofia na mkanda. Alisimama ukumbini, hakukaa. Akamwambia Mama Zena kwamba mbogo aliyejeruhiwa alizunguka akarudi kwa nyuma, na kwamba marehemu amezikwa hukohuko, na kwamba alizikwa vizuri.

Nyumba ikajaa. Mikeka mpaka barabarani. Wanawake nisiowajua wakanibeba, wakanilisha wali kwa mkono, wakanifuta makamasi kwa kanga zao wakidhani mimi ndiye yatima. Sikuwaambia kitu. Na siku ya pili wakaja watani kumcheza marehemu.

Alikuwepo Mzaramo mmoja, Bi Chiku, aliyeuza vitumbua barazani nyumba ya jirani, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo. Aliingia uani kajifunga gunia, miiko miwili ya ugali imefungwa kichwani kwa kitambaa kama pembe, anakoroma na kuparua mchanga kwa mguu. Nyuma yake mwanamume mwembamba kavaa kofia ya marehemu, anatetemeka magoti.

"Huyu ndiye Mnyamwezi wenu?" Bi Chiku akasema, akimzunguka. "Babu zake wametoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu na pembe za ndovu mabegani. Yeye mikono mitupu, ng'ombe asiye na mwenyewe anamshinda mbio?"

"Ngoja kwanza, Bwana Mbogo," akasema yule mwembamba, "nifunge kamba ya kiatu."

"Funga. Mimi sina haraka. Nimeshakula majani."

Akamrukia. Yule akaanguka kati ya masufuria, miguu juu, suruali ikamwacha kiunoni, na akiwa chini akaendelea kufunga kiatu. Mama Zena, ambaye tangu habari ifike alikuwa hajafungua mdomo hata kwa maji, akacheka. Akasema, "Chiku, mwanaharamu mkubwa wewe." Akacheka mpaka akalala ubavu, kisha katikati kicheko kikageuka, na ndipo hasa alipolia, na wanawake wote wakalia naye, na Bi Chiku akavua pembe zake akaja kumshika kichwa.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu. Nyuma yangu shangazi anapiga pasi. Nilisikia pasi inavyogonga meza. Nikajua ninachotaka, na nilikitaka kama njaa: baba yangu naye achezwe. Mtu aje ajifunge gunia, awe kutu, amwangushe baba katikati ya watu, shangazi acheke, kisha alie kwa mdomo wazi kama wenzake. Baba yangu hakuwa na mkeka hata mmoja. Alikuwa na shati tu kambani.

Baada ya matanga mimi na Zena tulikuwa sawa, au mimi nilidhani tuko sawa. Tulikaa nyuma ya choo kwenye ukuta tukichora kwa mkaa wa pasi. Yeye alichora mbogo wake, pembe zimeungana katikati ya paji kama nywele zilizogawanywa kwa chanuo.

"Wako aliuawa na nini?"

"Kutu."

"Ana pembe?"

"Hana."

"Basi mdogo."

"Mkubwa. Amekula shamba zima. Wenu kamuua mtu mmoja tu."

"Mbogo hali mtu," Zena akasema kwa dharau ya mwenye baba wa porini. "Anakula majani. Anaua tu, halafu anakwenda zake kula majani."

"Na kutu anakula majani."

Akarudi kumkoleza mbogo wake. Nikamchora kutu: miguu minane, hana shingo, mdomo uko chini ya tumbo. Sijui kwa nini niliuweka huko. Zena akautazama sana, akasema huyo hata yeye asingependa kukutana naye. Nilifurahi siku nzima. Lakini tangu hapo sikupita tena karibu na muuza kahawa wa kona yetu, yule aliyegonganisha vikombe vyake vya kauri jioni, wazee wakiwa wamejipanga kwenye benchi. Kama kutu anafuata kahawa, nilifikiri, basi siku moja atafika na kwa huyu. Nilizunguka mtaa mzima kwenda bombani kuchota maji, ndoo kichwani, ili nisipite kwenye ile harufu.

Nilimfuata Bi Chiku barazani kwake.

"Shikamoo Bi Chiku."

"Marahaba. Kitumbua kimoja au unakuja kunitolea macho?"

"Nataka mje mumcheze baba yangu."

Akaacha kugeuza. "Baba yako kafa?"

"Kaliwa na kutu."

"Kutu ndiye nani?"

"Mnyama wa kwetu."

Akanitazama, mafuta yakichemka mbele yake. Hakucheka. Namheshimu kwa hilo mpaka leo. "Mwanangu," akasema, "mimi na Wachaga hatuna utani. Nikija kucheza msiba wenu ni matusi, shangazi yako atanimwagia makaa. Watani wenu ni Wapare. Tafuta Mpare." Akanipa kitumbua kilichoungua upande.

Kwa hiyo nilitafuta Mpare. Watoto wengine walikuwa wakitafuta ukwaju na vifuniko vya soda, mimi nilizunguka Kariakoo nikiuliza watu wazima, "Samahani, wewe ni Mpare?" Muuza vitunguu akaniambia yeye ni Mluguru na anajivunia. Mwingine akasema mwambie aliyekutuma sina chochote. Mwishowe karani mmoja wa duka la vitambaa akanionyesha kwa kidole: upande wa pili wa barabara, barazani, chini ya turubai, fundi cherehani mwembamba mwenye tepu shingoni. Fundi Mbwambo.

Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Wewe ni Mpare?"

"Na wewe ni Mchaga, maana umeanza kumkagua mtu kama mali kabla hujakaa."

"Nataka uje utanie msiba kwetu. Baba yangu amekufa."

Mguu ukasimama. Kisha, kwa kuwa utani ni utani na mwenye haki nao hauachi, akasema, "Mmemtikisia sarafu sikioni?"

"Hapana."

"Basi hamjajua kama kafa. Mchaga ukimtikisia sarafu na asiamke, hapo ndipo mnaita mchungaji." Alinitazama kuona kama nimecheka. Sikucheka. Akavuta kigoda kwa mguu. "Kaa, mama. Kafa kwa nini?"

"Kutu. Nataka uwe kutu. Bi Chiku alikuwa mbogo, alivaa gunia na miiko. Wewe vaa unachotaka, lakini uwe na miguu minane."

Fundi Mbwambo alitoka Pare ya juu, ambako nao wana mibuni yao. Akachukua kipande cha kitambaa cha kijani, kilichobaki kwenye sare ya shule, akakiweka pajani. Akasugua chaki yake ya njano kwenye kidole, akapaka madoa upande wa chini, akanigeuzia upande wa juu.

"Hili jani la kahawa. Unaona nini?"

"Jani."

"Zuri?"

"Zuri."

Akaligeuza. Unga wa njano ukanidondokea gotini.

"Huyo ndiye kutu. Hana miguu. Ni ukungu, vumbi tu. Linakaa upande wa chini, unapita shambani unasema mwaka huu Mungu kaniona. Siku ya kugeuza jani umechelewa. Majani yanapukutika, matawi yanabaki kama mifupa ya samaki."

"Anakoroma?"

"Hasemi neno."

"Na mbogo?"

"Mbogo akikujia unapanda mti. Kutu anaula huo mti." Akapiga kitambaa vumbi likaruka. "Sasa mimi nitachezaje kitu kama hicho, mama? Mbogo hata mpumbavu anamweza. Kutu nitamcheza namna gani watu waone?"

Sikujali hayo tena. Nilikuwa na aibu inayochoma masikio. Baba wa Zena aliangushwa na pembe za upana huu, mnyama aliyerudi kwa nyuma kwa akili zake. Wangu aliuawa na vumbi. Nitamwambia nini Zena?

"Baba yako aliitwa nani?" fundi akauliza, kwa upole sasa.

"Elifuraha."

"Elifuraha ndugu yake yule mama wa pasi?"

"Ndiyo."

"Mrefu? Ana shati la kaki limejaa mrututu?"

"Ndiyo. Shangazi analifua bado."

Fundi Mbwambo akavua miwani. Akaifuta kwa kitambaa kilekile cha kijani, akajipaka chaki usoni asijue. "Kiwiko cha kulia," akasema polepole, "nilikitia kiraka mwezi uliopita. Alikaa hapo ulipokaa."

Barabara ilikuwa na kelele zake zote, mikokoteni, wapiga debe wa viazi. Nakumbuka niliinuka, nikakitazama kile kigoda kana kwamba kitakuwa na joto la mtu.

"Nani alikwambia kafa?"

Nilitaka kusema shangazi. Lakini hakuna aliyeniambia. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Hawakudanganya. Walinyamaza tu, wakaniacha nizike mwenyewe.

Fundi aliapa kwa lugha yake. Nadhani alijiuliza kama hilo lilikuwa lake kusema. Akasema, "Mtani hafichi. Yuko Ilala, karakana ya baiskeli nyuma ya soko, yenye mlango wa buluu. Nenda kamwamkie. Na huyo kutu nakuwia deni. Siku nikijua namna ya kumcheza, nitakuja."

Jumapili nilipewa gauni la kanisani na kutumwa shule ya watoto. Nilimpitia Zena. Tulikwenda Ilala kwa miguu, yeye mbele kwa sababu ni mkubwa, viatu vyangu mkononi visichafuke. Njiani nilijua sasa Jumapili ni za nini. Mimi nikiwa kanisani naimba, shati linakuja kuchukuliwa na mwenyewe.

Nilikuwa nimepanga. Nitasema shikamoo, atainua uso, ataniona, ataniita jina. Hayo tu. Sikupanga cha baada ya hapo.

Mlango wa buluu ulikuwa wazi. Mwanamume mrefu amechuchumaa mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, analizungusha gurudumu na kulisikiliza. Uso sikuutambua. Nilitambua madoa ya kifuani, kiraka kwenye kiwiko, na mikunjo mipya ya pasi ya shangazi; alishakwenda kulichukua. Mikono haikuwa buluu tena, ilikuwa myeusi kwa grisi. Nyuma yake, kizingitini, mwanamke kijana amempakata mtoto mchanga.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Akainua macho. Yalinipita, yakaenda kwa Zena, yakarudi. "Mtoto wa nani wewe?"

Wako. Neno fupi hivyo, na nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Yule mwanamke akauliza pale kizingitini, "Nani hao, Baba Neema?" kwa jina la mtoto wake, naye akajibu bila kugeuka, "Watoto tu."

Nikasema, "Baba yangu aliuawa na mbogo. Ugalla."

Nilisikia Zena akivuta pumzi kando yangu.

"Pole sana, mama," akasema yule mtu, na alisema kwa huruma ya kweli, na hiyo huruma ndiyo nisiyomsamehe. "Mbogo ni mnyama mbaya. Na huyu mwenzako?"

Mtoto mwingine angelia, au angesema mwongo huyu, baba ni wangu. Zena alinitazama mara moja tu. Kisha akaweka mikono kiunoni, akamwambia kwa sauti ya mama yake, "Mimi wangu kaliwa na kutu."

Gurudumu lilikuwa bado linazunguka. Yule mtu alisimama ndani ya mwili wake, sijui nisemeje vingine. Akamtazama Zena, akanitazama mimi, gauni langu la kanisani, viatu mkononi, miguu yangu. Nilimwona akijua. Ningekuwa nimekosea ningesema, nilimwona. Mdomo ukafunguka kidogo. Nyuma yake mtoto akaanza kulia, yule mwanamke akawa anambembeleza.

Akashika gurudumu kwa kiganja, likasimama.

"Kutu haili watu," akasema. "Nendeni nyumbani, jua kali."

Akainama kwenye kazi yake.

Tulifika karibu na Msimbazi ndipo nikavaa viatu. Baadaye sana, tunakaribia kwetu, Zena akasema, "Basi tugawane. Mbogo awe wetu wote. Lakini mimi ndiye mkubwa wake." Nikakubali. Kwa miaka yote ya shule, nilipoulizwa baba yako yuko wapi, nilisema aliuawa na mbogo, na Zena akiwepo aliitikia kwa kichwa.

Jumamosi iliyofuata shati halikuwepo kambani, wala Jumamosi nyingine yoyote baada ya hapo; lini lilirudi likafungiwa sandukuni, sijui mpaka leo. Shangazi alinipa chai yenye sukari nyingi kuliko kawaida na akanisuka nywele bila kunivuta. Nilikuja kumuuliza nikiwa mkubwa, nimemaliza sekondari, ulimi umeshakuwa huu nilionao. Akasema, "Alikuwa anaona haya. Kahawa imekufa, ana mke asiyejua habari zako. Angekuja na nini mkononi?"

Nikamwambia, "Angekuja na huo mkono."

Hatukuzungumza naye wiki tatu. Nilimpenda shangazi yangu. Alinilea kwa mikono iliyoungua. Lakini alikuwa akimfulia huku, ananipeleka kanisani huku, na katikati akatandika kimya kama shuka. Na leo ndugu wa mume wangu wananitaka nitandike hilohilo. Mume wangu yuko Mwanza mwaka wa pili. Wifi yangu akija anampakata mwanangu, anamwambia baba kabanwa na kazi, kazi nyingi sana za serikali. Mtoto anauliza kazi inambana wapi, kifuani au miguuni. Wao wanacheka. Mimi sicheki.

Sasa nirudi siku ile ya sanduku. Alasiri uani kumejaa watu, chakula kinapakuliwa, Zena yupo, mama wa watoto watatu sasa, kashika mwiko kama askari. Meza ya shangazi ya kupigia pasi imetolewa nje, imetandikwa kitambaa cha kijani, masahani juu yake. Akaingia Fundi Mbwambo. Mzee, miwani imefungwa kwa uzi. Watu wakafurahi, mtani kafika, sasa tutacheka. Hakuvaa gunia. Aliwaamkia watu mmoja mmoja, akachungulia chumbani akaona sanduku wazi na shati juu yake, akanitazama mimi. Kisha sikumwona tena. Nilidhani kaenda kunawa.

Tukala. Tukasema mambo ya watu. Wengine wakauliza yule Mpare vipi, mbona hajafanya utani, au uzee, au kala akaondoka kama kawaida yao. Wakamsahau. Mimi pia.

Mwanangu ndiye aliyeangusha kijiko. Akainama, akainua kitambaa cha meza, akachungulia. Kisha akanivuta kanga.

"Mama, kuna babu huku chini. Amekaa tu."

Zena akafunua. Fundi Mbwambo alikuwa amekaa chini ya meza, magoti kidevuni, mahali nilipokuwa nikilala utotoni, chaki ya njano imejaa vidole. Kila mwenye nguo nzuri aliyekaa karibu na meza ile alikuwa na alama ya kidole upindoni. Hakuna aliyekuwa ameona.

"Mmechelewa," akasema. "Nimeshamaliza kula."

Watu hawakuelewa, walicheka kwa sababu mzee kajikunja. Mimi na Zena ndio tulioanguka. Nilicheka mpaka nikalala ubavu mchangani, na katikati kicheko kikageuka, kwa mdomo wazi, kwa sauti, na Zena akaja kunishika kichwa. Fundi akatambaa kutoka, akaniambia, "Deni langu la miguu minane."

Jioni narudi nyumbani na mwanangu, nimebeba sanduku kichwani, ana alama ya chaki kwenye gauni na hataki nimpanguse. Kisha akauliza, "Mama, na baba yangu amekaa chini ya meza?"

Nikalishusha sanduku, nikachuchumaa tukawa kimo kimoja.

"Yuko Mwanza," nikamwambia. "Ana nyumba nyingine na mke mwingine. Ni mzima. Hakuna kilichomla."

Akaigusa ile alama ya chaki kwenye gauni.

"Anatuona?"

"Anajua tulipo."

Akanishika mkono, tukaendelea na njia.